Nibadilishe taimingi belti ya Carina nyumbani mwenyewe, au nimwachie fundi?

"Habari za kazi, fundi. Nina Carina Ti ya 1999, injini 5A-FE, otomatiki. Niliinunua mkononi mwa mtu miaka mitatu iliyopita, na dashibodi inasoma kilomita 214,000. Mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini sijui. Juzi nilifungua kifuniko cha juu nikaona meno yote yapo, ila mgongo wa mkanda una nyufa ndogondogo, na chini kabisa kuna oili iliyoganda na vumbi. Fundi mmoja hapa Morogoro ameniambia ufundi ni laki mbili na nibadilishe na pampu ya maji. Mwingine akasema nisiguse, Toyota hata mkanda ukikatika haiui injini, nisubiri ukatike ndipo nibadilishe. Lakini rafiki yangu mwenye Mark II GX110 wa kwake ulikatika, valvu zikapinda, akaishia kununua injini nyingine. Oili, plagi na brekipedi huwa nabadilisha mwenyewe, na shemeji ana boksi la spana na jeki. Kila mwisho wa mwezi napanda Iringa kumwona mama. Je, kazi hii naiweza nyumbani? Nikikosea jino moja nitaua injini? Na nimeambiwa nipake rangi kwenye mkanda wa zamani nihamishie alama kwenye mpya. Hiyo inatosha?"

Ndugu yangu, maswali yako ni matatu, lakini nikikusoma naona kinachokukosesha usingizi ni kimoja. Umepewa majibu mawili yanayopingana, na kila aliyekujibu ana ushahidi wa macho. Rafiki yako ameziona valvu zilizopinda. Yule fundi wa pili naye, bila shaka, ameona Carina nyingi zilizokatika mkanda, zikafungwa mpya, zikawaka na kuondoka. Hakuna aliyekudanganya hapo. Wanazungumzia injini mbili zisizofanana.

Fikiria kinu kimoja na watu wawili wanaotwanga kwa kupokezana. Mmoja akipandisha mchi, mwenzake anashusha. Kinu ni kilekile, wanaingia kwa zamu. Ndani ya silinda mambo ni hayohayo: pistoni inapanda kutoka chini, valvu zinashuka kutoka juu, na nafasi wanayoitumia ni moja. Anayewapigia mdundo ni mkanda wa taimingi. Kranki, yaani shafti ya chini inayozungushwa na pistoni, ikizunguka mara mbili, kamshafti, yaani shafti ya juu inayofungua valvu, inatakiwa izunguke mara moja tu, ndiyo maana puli ya kamshafti ina meno mara mbili ya puli ya kranki. Mkanda ukikatika, kamshafti inasimama papo hapo na baadhi ya valvu zimebaki wazi, huku kranki inaendelea kuzunguka kidogo kwa kasi iliyokuwa nayo. Hapo yote yanategemea kina cha kinu.

Injini yako 5A-FE, pamoja na ndugu zake 4A-FE na 7A-FE, zina kinu kirefu. Hata valvu ikiwa imefunguka yote na pistoni ikiwa juu kabisa, hazigusani. Ndivyo ilivyo pia kwa 3S-FE iliyomo kwenye Noah za zamani na RAV4 za kwanza. Ya rafiki yako ni 1G-FE yenye VVT-i, yaani mfumo wa kubadilisha muda wa kufunguka valvu, silinda sita, valvu ishirini na nne, na nafasi hiyo haipo kabisa. Angalia mtego uliopo hapo: 1G-FE iliyoitangulia, isiyo na VVT-i, iliyofungwa kwenye Mark II za miaka ya tisini, haikuwa na tatizo hilo. Jina la injini ni moja, tabia mbili. Kwa hiyo mtu akikuambia "Toyota haziui valvu," muulize Toyota ipi, ya mwaka gani. Subaru zenye EJ20 ya kamshafti nne zinaua. Dizeli nazo, ikiwemo 2L na 3L za Hilux na 1HZ ya Land Cruiser, zinaua, kwa sababu dizeli inahitaji kubana hewa sana na pistoni yake inafika karibu mno na silinda hedi, kile kichwa cha injini kinachobeba valvu. Na kama kuna msomaji mwenye IST, Vitz, Spacio mpya au Allion, hili halimhusu: 1NZ, 2NZ na 1ZZ zinatumia cheni.

Basi swali lako la jino moja nimeshalijibu nusu. Kwenye 5A-FE, ukikosea jino moja hutaua injini. Itawaka, lakini itakuwa nzito kupanda, itakula mafuta, sailensa (mzunguko wa injini usipokanyaga mafuta) itatetemeka, na kwa kuwa distributa yako inazungushwa na kamshafti, moto wa plagi nao utahama. Utalazimika kufungua upya na utapoteza siku. Ungekuwa na GX110 ningekujibu vingine kabisa, na ningekuomba uiache kazi hii kwa mtu aliyeifanya mara nyingi.

Sasa huo ushauri wa kusubiri ukatike. Huo siukubali hata kidogo, na naomba na wewe usiukubali. Ni kweli injini itapona. Lakini mkanda haukatiki gari likiwa limeegeshwa nyumbani. Unakatika injini inapofanya kazi, na wewe kila mwisho wa mwezi unapita katikati ya Hifadhi ya Mikumi na kupanda Kitonga. Injini ikizimika ghafla ukiwa unashuka Kitonga na lori liko nyuma yako, usukani unakuwa mzito wakati huohuo, kwa sababu pampu yake haizunguki tena. Pedali ya breki utaikanyaga mara moja au mbili ikiwa laini kutokana na ombwe lililobaki kwenye buta, kile kisaidizi cha breki, baada ya hapo inakuwa ngumu kama jiwe na unahitaji nguvu ya miguu miwili. Wakati huo kujua kwamba valvu zako ni salama hakutakusaidia kitu.

Na usitegemee kwamba utasikia dalili. Wengi wanaamini mkanda hulia kabla ya kukatika. Unaolia asubuhi ni feni belti, ule wa nje. Mkanda wa taimingi ni mpira wenye nyuzi ngumu za kioo ndani yake. Unazeeka kimyakimya, mpira unakauka, nyuzi zinakatika moja moja kwa ndani, au mizizi ya meno inalegea, mpaka siku moja meno kadhaa yanang'oka pamoja. Nimeshika mikanda iliyoonekana mizuri mgongoni, lakini nilipoikunja kidogo kwa kidole gumba, ufa ulifunguka kwenye shina la jino kama mdomo. Nyufa ulizoziona mgongoni zinatosha kuwa hukumu. Hata zisingekuwepo, gari ambalo historia yake haijulikani lina jibu moja tu.

Kabla hujakata tamaa na historia, tazama jambo moja. Magari haya yametoka Japani, na mafundi wa kule wana desturi ya kubandika karatasi ndogo wanapobadilisha mkanda. Mara nyingi ipo kwenye kifuniko cha mkanda, au pembeni ya mlango wa dereva, au juu karibu na redieta. Maandishi ni ya Kijapani, lakini namba utazisoma: kilomita, mwaka, mwezi na siku. Ukikuta mwaka umeandikwa 15 au 22, usifikiri ni 2015 au 2022. Wanahesabu miaka ya utawala wa mfalme wao. Kipindi cha Heisei kilianza 1989, kwa hiyo unachukua ile namba unaongeza 1988: Heisei 15 ni 2003, Heisei 22 ni 2010. Toyota hupanga mkanda ubadilishwe kila kilomita 100,000, na mpira huzeeka hata gari lisipotembea, hivyo ukizidi miaka kumi uutoe bila kuuliza kilomita. Hata karatasi ikikuambia 2010, bado jibu ni badilisha.

Ile oili ya chini inanipa wasiwasi kuliko nyufa. Mpira wa mkanda na oili haviishi pamoja. Oili inaulainisha, meno yanavimba, mkanda unaruka. Kuna sehemu tatu za kuchunguza. Ya kwanza ni sili ya kranki, yaani mpira wa kuzuia oili isivuje, ile iliyokaa kwenye pampu ya oili nyuma ya puli ya chini. Ya pili ni sili ya kamshafti. Ya tatu watu huisahau: gasketi ya kifuniko cha valvu, ambayo huvuja juu, oili ikateremka taratibu hadi chini na kukufanya uilaumu sili ya kranki bure. Anza kupapasa kwa kidole kutoka juu kwenda chini. Pakavu juu na kulowa chini, ni sili ya kranki. Ukifunga mkanda mpya juu ya sili inayovuja, umenunua mkanda wa miezi michache. Sili ni za bei ndogo, na kazi ya kuzifikia ndiyo hiyohiyo utakayokuwa umeshaifanya.

Kuhusu pampu ya maji, yule fundi wa kwanza ana hoja lakini si ya gari lako. Kwenye 3S-FE ya Noah, pampu ya maji inazungushwa na mkanda wa taimingi wenyewe, na pampu ya oili pia, kwa hiyo ukishafungua ni busara ubadilishe vyote. Kwenye 5A-FE pampu ya maji inazungushwa na belti ya nje, ile ya alteneta. Ikifa baadaye haiugusi mkanda wako. Ishike puli yake uitikise: kama haichezi, hailii na haina michirizi ya maji yaliyokauka chini ya ekseli yake, iache. Hiyo fedha peleka kwenye beringi ya tenshena, yaani ile puli ya kukazia mkanda, na springi yake. Hivyo ndivyo vitu vilivyozeeka pamoja na mkanda wako.

Je, unaiweza? Kwa ulivyojieleza, mtu anayefunga brekipedi mwenyewe na kulala usingizi, nasema ndiyo, kwa masharti. Usianze Jumamosi jioni wakati Jumapili unatakiwa uwe Iringa. Chukua siku mbili ambazo gari halihitajiki. Tafuta stendi za chuma za kuegeshea gari, ukope kama huna. Jeki peke yake si ya kulalia chini yake, na tofali la saruji hupasuka ghafla bila kuinama kwanza. Hili sikuambii kwa kutimiza wajibu tu. Nimewahi kusaidia kumtoa mtu chini ya gari lililodondoka kutoka kwenye tofali, na mkono wake haukurudi kama ulivyokuwa. Pia utahitaji jeki ya pili yenye kipande cha mbao juu yake kushikilia injini chini ya sampu (bakuli la oili), kwa sababu mkanda unapita mahali palipo na mauntini ya injini (kishikio kinachoifunga kwenye bodi) ya upande wa kulia, na lazima uifungue. Ukiifungua bila kushikilia, injini inalala upande.

Tafuta pia spana ya kupimia nguvu ya kukaza. Bolti kubwa ya kranki inakazwa kwa zaidi ya Nm 100, na vipimo kamili vimo kwenye kitabu cha ufundi cha injini hiyo. Kukaza kwa kukisia ndiko kunakofanya puli ilegee, ufunguo wake, kile kipande cha chuma kinachoifungia kwenye kranki, ule njia yake, na hapo unakuwa umejitafutia tatizo kubwa kuliko mkanda.

Bolti hiyo ndiyo itakayokupima. Imekaa hapo miaka mingi. Utaambiwa ujanja wa kuegemeza spana kwenye chasi kisha upige stata ili injini ijifungue yenyewe. Usifanye. Spana ikichomoka inaruka kwa nguvu ya stata, na aliye karibu ni wewe au shemeji. Gari lako ni otomatiki, hivyo huwezi kuweka gia na kukanyaga breki kushikilia kranki kama wenye manyuo. Njia nzuri ni hii: kwenye uso wa puli ya kranki kuna matundu mawili yenye nyuzi. Nenda kwa fundi wa kuchomelea na bapa la chuma la urefu wa mkono, mwambie atoboe matundu mawili yanayolingana na yale na tundu kubwa katikati la kupitisha spana ya boksi. Unafunga bapa kwa bolti mbili, unaliegemeza chini, na sasa puli haizunguki. Tumia spana ndefu, vuta polepole kwa uzito wa mwili. Puli yenyewe ikigoma kutoka, tumia pula, kile kifaa cha kuvutia puli. Usiibandue kwa bisibisi wala kuipiga nyundo, mdomo wake unavunjika.

Lakini hujafika huko bado. Kabla ya kulegeza chochote, toa plagi zote nne. Injini isiyo na plagi inazunguka kwa mkono bila kukupinga, na utasikia kila kitu. Zungusha kranki kwa spana, kuelekea mwendo wa saa ukiitazama puli, mpaka mkato mdogo kwenye puli ukutane na sifuri iliyoandikwa kwenye kifuniko cha chini. Sasa panda juu utazame puli ya kamshafti. Kwenye familia hii ya injini kuna tundu dogo karibu na herufi K. Chungulia kupitia tundu hilo kwa tochi, jicho likiwa sawa na tundu, si kwa pembeni. Nyuma yake kuna alama kwenye kifuniko cha beringi ya kamshafti. Alama ikiwa katikati ya tundu, upo mahali pake. Usipoiona, na K ipo chini, usishtuke: kranki inafika sifuri mara mbili kwa kila mzunguko mmoja wa kamshafti. Zungusha kranki mzunguko mmoja zaidi, K itapanda juu. Piga picha kwa simu, ukiwa umesimama pale utakaposimama tena wakati wa kufunga.

Hapa ndipo tunapofikia ile rangi. Kupaka alama kwenye mkanda wa zamani na kuhamishia kwenye mpya ni msaada mzuri wa pili, na mimi huifanya. Kosa ni kuitegemea peke yake. Ukifanya hivyo umeamini kwamba aliyefunga kabla yako alifunga sawa. Kama yeye alikosea jino, wewe unalinakili kosa lake kwa uaminifu mkubwa. Hesabu tu alama za kiwandani, K na sifuri, kuwa ndizo bwana. Rangi iwe shahidi. Ukishatoa mkanda wa zamani, ulaze sambamba na mpya, hesabu meno ya mikanda yote miwili hata kama ni kazi ya kuchosha, na linganisha upana. Namba ya Toyota ya mkanda wa taimingi huanza na 13568. Maduka ya spea ya Kariakoo na Gerezani yana ya halisi na ya bandia kwenye rafu moja, na muuzaji mwema atakuonyesha zote mbili ukimwuliza. Mkanda mpya usiukunje kwa nguvu, usiugeuze ndani nje, usiutundike kwenye msumari. Nyuzi za kioo zikivunjika huzioni.

Unapofunga, anza kranki, halafu panda juu upande ambao hauna tenshena, ukivuta mkanda uwe umenyooka, ili ulegevu wote ubaki upande wa tenshena. Ukipachika ovyo ulegevu unaweza kubaki upande mwingine, na ukikaza tu kamshafti inasogea jino. Mbele ya puli ndogo ya kranki kuna kisahani cha kuzuia mkanda usitoke. Upande wake uliobonyea unatazama nje. Watu wengi hukifunga kinyume, kinakata mkanda pembeni. Kisha legeza bolti ya tenshena uiache springi ifanye kazi yake. Usiibane kwa bisibisi kuongeza nguvu. Mkanda uliobanwa mno unalia wiiii kama nzi kwenye chupa, na beringi haimalizi mwaka.

Sasa sikiliza, kwa sababu hapa ndipo ilipo kazi yote. Kabla ya kukaza tenshena, zungusha kranki kwa mkono mizunguko miwili kamili, mwendo wa saa tu, taratibu, ukirudi kwenye sifuri. Usirudishe nyuma hata kidogo, kwani ukirudisha unahamisha ulegevu. Halafu kaza tenshena na uchungulie tena tundu la K. Kama alama bado ipo katikati, umefaulu. Kama imehama, ondoa mkanda uanze upya, na usijidanganye kwamba imehama kidogo tu. Jino ni jino.

Nilijifunza hili kwa fedha ya mtu mwingine. Nilikuwa bado kijana gereji, nikafunga mkanda kwenye pikapu ya dizeli ya mteja aliyekuwa anaisubiri akapakie mzigo. Alama zilikuwa sawa nilipouvisha mkanda. Nilipoachia tenshena kamshafti ilicheza meno mawili, sikuangalia tena, nikafunga vifuniko, nikapiga stata. Injini ilitoa mlio mmoja mkavu, kama kijiti kinachovunjwa, ikakataa. Silinda hedi ilishuka, valvu zilibadilishwa, na mteja alipoteza wiki mbili za kazi. Ningezungusha kwa mkono, spana ingegota, ningeisikia kwenye kiganja, ningesimama. Mkono unajua kusimama, stata haijui. Tangu siku hiyo sijawahi kuwasha injini yoyote, hata hii yako ya salama, kabla ya mizunguko miwili ya mkono.

Ukishawasha, iache izunguke sailensa, usiwe na haraka. Usikie ikizunguka laini. Mlio wa wiiii, mkanda umebanwa. Mlio wa kupigapiga kwenye kifuniko, umelegea. Injini nzito na sailensa inayoyumba, rudi kwenye K. Tembelea mitaani siku tatu, halafu fungua kifuniko cha juu uone kama mkanda unakimbia katikati ya puli na kama pamebaki pakavu. Ndipo upande Iringa.

Kuna mahali ambapo nakuomba uweke spana chini na umwite mtu aje aone. Bolti ya kranki ikikataa baada ya majaribio mawili ya haki, usiongeze bomba kwenye mpini wa spana. Ikikatikia ndani, gharama zake zitazidi mara kadhaa hizo laki mbili. Unapozungusha kwa mkono na plagi zimetoka, ukakutana na kitu kigumu kinachogota mahali palepale, usilazimishe. Ukitoa sili ya kranki ukaona umeikwaruza kranki yenyewe, au ukakuta uvujaji unatoka kwenye maungio ya pampu ya oili, hiyo ni kazi nyingine. Na kama mauntini imekula nyuzi zake kwenye bodi, usiifunge kwa waya mpaka wiki ijayo.

Hizo laki mbili si wizi. Unalipia mtu aliyeiona bolti hiyo mara mia na anayejua mlio wa kila kosa. Kuna njia ya kati ambayo watu hawaifikirii: mtafute fundi unayemwamini, mwambie unataka kufanya mwenyewe, umlipe kidogo aje nyumbani mara mbili tu. Mara ya kwanza ukishapanga alama kabla ya kutoa mkanda wa zamani. Mara ya pili ukishamaliza mizunguko miwili, kabla ya kufunga vifuniko. Wengi watakubali, na wengine watafurahi kuona mtu anauliza kabla ya kuharibu. Kwa kazi ya kwanza, mimi ningefanya hivyo.

Na shemeji mwachie kazi moja. Akate kipande cha karatasi ngumu, aandike kwa kalamu isiyofutika tarehe, kilomita 214,000 na ushei, na maneno "mkanda, tenshena, sili mbili". Aifunike kwa selotepu, muibandike kwenye kifuniko cha juu cha mkanda, mahali ambapo yeyote atakayelinunua gari hilo ataisoma akifungua boneti.